Dima Nje ya Mlango

Jumatatu, 3 Machi

Mvua imeanza leo na mimi nimeanza kuandika. Mwanangu ndiye aliyetaka. Anaendesha lori la safari ndefu, hatarudi mpaka mvua ziishe, na hataki nimpigie simu kila mkewe anaponiudhi. "Mama, niko kwenye usukani. Andika, nikirudi nitasoma yote." Haya, nitaandika. Nilisoma mpaka darasa la nne, na darasa la nne la wakati ule halikuwa mchezo. Ulichapwa kwa herufi iliyolala. Atasoma mpaka achoke.

La kwanza. Mkwe ameteka stoo yangu. Magunia ya mkaa, madumu, baiskeli ya marehemu mume wangu, vyote viko kibarazani vinarushiwa maji. Stoo sasa ni ofisi. Amepata kazi ya kufanyia nyumbani, mbele ya kompyuta. Nikamuuliza ni kazi gani hiyo ya kufanyia stoo, akasema yeye ni mkalimani wa lugha ya alama. Kiziwi akiwa na shida hospitali au ofisini, anampigia simu ya picha. Anachosema daktari, mkwe anampa kiziwi kwa mikono. Anachosema kiziwi kwa mikono, mkwe anampa daktari kwa mdomo.

"Na kwa hilo unapewa mshahara?"

"Wananijaribu kwanza, Mama. Mpaka mwisho wa Mei ndiyo watasema kama nafaa."

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Nimechungulia ofisini. Anarusha mikono kama mtu anayefukuza nyuki. Nimerudisha mlango taratibu.

Alhamisi, 6 Machi

Amenuna kwa sababu nimezima taa. Swichi ya stoo iko nje, ukutani kwenye korido, pembeni ya mlango. Ndivyo stoo zilivyojengwa: unawasha kwanza ndipo uingie, usijikwae kwenye dumu ukang'oka meno. Mimi nikipita pale mkono unazima wenyewe. Nimelea watoto sita kwa kuzima taa. Na ilikuwa saa nne asubuhi. Taa ya saa nne asubuhi inamulika nini, jua limekwenda wapi?

Akatoka. "Mama, nilikuwa katikati ya maneno ya watu."

"Na mimi nilikuwa katikati ya korido."

Jumapili, 9 Machi

Mvua. Mkwe kapika chai. Haina sukari. Sina la kuongeza.

Jumatano, 12 Machi

Ofisini kwao wamelalamika. Wanasema balbu moja ya darini inamtia kivuli usoni, macho yake yanaonekana kama mashimo mawili, na vidole havionekani vizuri. Kiziwi akikosa kidole kimoja amekosa neno. Mimi kwa roho safi nikaenda kumtundikia nyuma yake pazia langu la maua, lile la sebuleni ninalolitoa wageni wakija. Nilidhani litampendezesha. Hata dakika halikukaa.

"Mama, nashukuru, ila maua yanachanganya. Mikono inapotelea ndani ya maua."

Maua yangu yamekataliwa kwa ajili ya mikono. Akachukua lile pazia zito la kijivu la dirisha la stoo, akalitundika nyuma yake, na la kwangu akaliweka dirishani, ambako halizuii chochote, jepesi kama chujio. Sikula chakula cha mchana.

Jioni mjukuu wangu, wa miaka tisa, ambaye mimi namwita mke mwenzangu, alikuja jikoni akaniambia habari. "Bibi, Mama akishindwa hii kazi tunahama. Kuna hospitali mbali huko inamtaka. Nitasoma shule ya huko."

"Nani kasema?"

"Alikuwa anaongea na Baba kwenye simu."

Nikamwambia waende salama, safari njema. Halafu mate yakanipalia, nikakohoa mpaka mtoto akanipiga mgongoni.

Jumamosi, 15 Machi

Fundi umeme amekuja. Tunamwita Fundi Kesho, kwa sababu wiki nzima ukimpigia anasema kesho. Amefunga taa mbili ndogo, moja kushoto kwa kompyuta na moja kulia, ili uso na mikono vipate mwanga kutoka mbele, si kutoka utosini. Hapo nimekubali, kichwa chake kimefanya kazi. Halafu akang'oa swichi yangu ya korido, akaweka kidude cha duara kama kitufe cha redio. Anakiita dima. Ukikizungusha kulia mwanga unapanda, kushoto unashuka, mpaka taa inabaki kama mtu anayesinzia.

Mkwe akarudi kutoka sokoni. "Fundi, nilikuambia hiyo uiweke mezani kwangu. Ndani."

"Dada, ukuta wa ndani umekunywa maji. Siwezi kupitisha waya kwenye ukuta uliolowa, nitakuueni nyote. Mvua ikiisha nitahamisha."

"Lini?"

Sote tulijua atakachosema.

Nimeizungusha hiyo dima mara kadhaa, kuikagua tu. Ni laini.

Jumanne, 18 Machi

Nimegundua ukiiacha katikati umeme unaliwa nusu. Nimeiacha katikati.

Jumatano, 19 Machi

Ugomvi. Kumbe jana alikuwa anamtafsiria mtu benki, na benki wakaona kivuli kinachopunga.

Alhamisi, 20 Machi

Ameweka karatasi juu ya dima: USIGUSE. Kusoma najua. Ila karatasi haikusema asiguse nani.

Jumatatu, 31 Machi

Leo nina mengi, na mvua haina dalili ya kunyamaza.

Asubuhi mkwe alitoka ofisini akakaa juu ya dumu kibarazani. Msimamizi wake amempa onyo. Wateja wanasema picha yake inacheza, kuna mistari myeusi inayopanda uso kama maji yanayopanda ukuta, na viziwi wanaumwa kichwa kumtazama. Nikamwambia ni macho yao. Akachukua simu yake, akapunguza taa kwa dima, akaniingiza ofisini, akaniambia nitazame taa kwa macho yangu. Nikaona taa. Akaniambia nitazame taa ileile kupitia kamera ya simu. Nikaona mistari, inatembea kabisa, kama siafu.

Nimeishi miaka yote hii sikujua kuna taa inayokudanganya usoni.

Nikampigia Fundi Kesho mwenyewe. Alipoanza "kesho" nikamwambia nakuja kukaa mlangoni kwako na kigoda changu, mkeo anipikie. Akafika kabla sijamaliza kufunga kilemba.

"Bibi, dima si mbovu," akasema. "Tatizo ni balbu. Hizi mpya za kula umeme kidogo, nyingine hazipatani na dima. Ukizipunguza zinawaka na kuzima upesi upesi, jicho halioni, kamera inaona."

"Na ulipozifunga ulikuwa hujui?"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Nilimtazama. Mkwe naye akamtazama. Ni mara ya kwanza tangu aolewe humu ndani mimi na yeye tumemtazama mtu mmoja kwa jicho moja. Fundi akasema anakwenda kwenye pikipiki kuchukua bisibisi, akaenda moja kwa moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Nimekwenda dukani na mke mwenzangu, na simu ya mama yake mkononi. Mkwe alisema ninunue balbu ambazo boksi lake limeandikwa zinakubali dima. Boksi linaweza kuandikwa lolote. Mimi nyanya sinunui bila kuibonyeza.

Pale dukani kuna ubao wa kujaribia balbu. Nikamwambia muuzaji afunge dima kwenye ule ubao, akafunga huku anacheka. Balbu ya kwanza, mke mwenzangu akatazama kwenye simu: mistari.

"Rudisha."

"Bibi, imeandikwa inakubali."

"Imeandikwa na nani? Na anayeiuza."

Ya pili ilinguruma kama mbu. Ya tatu ikigeuzwa kushoto inazimika kabla ya wakati. Ya nne mistari. Foleni ikajaa nyuma yangu, na mwashi mmoja aliyetaka misumari akasema, "Bibi, hebu na sisi tununue."

"Wewe subiri, msumari hauwaki."

Muuzaji alikuwa ameacha kucheka. "Kwani unafungua studio ya picha?"

"Ofisi," nikamwambia. "Ya mkwe wangu. Fungua boksi jingine."

Ya sita ilitulia. Juu, chini, katikati, imetulia tu kama mtu mzima. Nikataka mbili zilizotoka boksi moja, nazo nikazijaribu zote. Njiani mke mwenzangu akaniuliza kwa nini nimehangaika hivyo wakati nilisema waende salama. Nikamwambia mtoto haingilii mambo ya umeme.

Jumanne, 8 Aprili

Mistari imekwisha. Karatasi ya USIGUSE amebandika mpya, kubwa zaidi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua usiku na mchana. Mkaa umelowa, nimeutandaza jikoni. Siku hizi nikipita koridoni natembea nimekunja mikono kifuani.

Jumanne, 29 Aprili

Mkwe alikaa kwenye simu tangu asubuhi mpaka watu walipomaliza kula mchana. Alipotoka alipita bila kuniona, akaenda kuegemea nguzo ya kibaraza akawa anatazama mvua.

"Kuna nini?"

"Siwezi kusema, Mama. Mambo ya mteja ni siri."

Nilitaka kukasirika. Mimi ndiye mwenye nyumba, mwenye stoo, ninaambiwa siri. Halafu nikaiona mikono yake. Vidole vimevimba kama vya mtu aliyefua nguo za msiba mzima. Siku zote nilidhani anapunga upepo.

Nimechemsha maji, nikatia chumvi kwenye beseni, nikamwekea miguuni. Akachuchumaa akaloweka mikono. Chai ya jioni niliipika mimi.

Jumapili, 11 Mei

Mvua za kupita tu. Jua, wingu, jua, wingu.

Jumanne, 20 Mei

Kesho ndiyo siku. Msimamizi atakaa kwenye simu amtazame mkwe akifanya kazi na mteja wa kweli, na hapo ndipo ataamua. Mkwe amepiga pasi gauni jeusi lile lile mara mbili.

Jumatano, 21 Mei

Mkono unaniuma lakini lazima niandike.

Asubuhi hali ya hewa ilikuwa imerukwa na akili. Jua linatoka kali, linapita kwenye pazia la maua linampiga mkwe upande mmoja. Kabla hujahesabu, wingu linafunika, uso unakuwa giza. Mkwe alikuwa anatoka kila mara kuja koridoni kuzungusha dima, na akishafika kitini hali imebadilika. Kubadilisha mapazia hawezi, la kijivu liko nyuma yake ndilo linaloionyesha mikono. Mke mwenzangu yuko shule. Fundi Kesho hapokei simu. Nimebaki mimi.

Mkwe alinitazama kama mtu anayemkabidhi mbuzi mchicha. "Mama, unaweza?"

"Nimezungusha tambi za majiko ya mafuta tangu hujazaliwa."

Akabandua karatasi yake kwenye dima mwenyewe. Akaacha mlango wazi kidogo, kiasi cha mimi kuona mguu wake. Mikono yake ingekuwa na kazi, kwa hiyo tulipatana: akinyanyua kidole gumba cha mguu, napandisha, akikibonyeza chini, nashusha, kikitulia, natulia. Halafu akaleta pamba.

"Ya nini?"

"Masikioni, Mama. Mteja ana siri zake."

Nikasimama. Pamba masikioni, jicho kwenye kidole gumba cha mkwe wangu, mkono kwenye dima. Sikusikia neno. Wingu likaja, kidole kikapanda, nikazungusha. Jua likaja, kidole kikashuka, nikarudisha. Kuna wakati viliingiliana, jua na wingu vikagombana, kile kidole kikawa kinacheza kama cha mtu aliyekanyaga kaa la moto, na mimi nazungusha kulia kushoto jasho linanitiririka. Mgongo ukaniambia kaa chini. Sikukaa.

Halafu nikaona mguu umegeuka. Mkwe alikuwa ananipungia niingie. Nikatoa pamba.

"Mama, daktari amekata simu, mambo ya mteja yamekwisha. Ila mteja ameona taa inapanda na kushuka, ameuliza ni nani. Nimemwambia ni mtu wa nyumbani na hakuwa anasikia. Anataka akuone."

Kwenye kompyuta kulikuwa na bibi mmoja, rika langu, mvi kama pamba niliyoitoa, miwani minene. Kwenye kona alikuwepo kijana wa tai anaandika. Ndiye msimamizi.

"Kabla hujasema," mkwe akaniambia, "kila kitakachosemwa hapa nitakitafsiri. Chote. Ndiyo sheria ya kazi. Na uzungumze naye yeye, si mimi."

"Tafsiri."

Yule bibi akapiga mikono yake. Mkwe akasema, kwa sauti kavu isiyo yake: "Una mkono mzito. Taa ilikuwa inaruka kama panzi. Macho ndiyo masikio yangu, karibu uyamalize."

Nikamgeukia mkwe. "Huyu mwanamke ana adabu kweli?"

Mikono ya mkwe ikaanza.

"Hilo usimwambie."

Mikono ikaendelea.

"Nimesema usimwambie."

Na hilo pia likaenda. Yule bibi akacheka mabega yakamtikisika. Akajibu, na mkwe akasema: "Ninayo adabu. Sijamsema mtu mbele yake nikidhani haelewi."

Basi nikavuta kigoda nikakaa. "Sikiliza wewe," nikamwambia, kisha nikaona nimekosea lakini lilikuwa limeshakwenda. "Tazama wewe. Kama ni rahisi njoo uishike mwenyewe hiyo taa. Nimesimama koridoni asubuhi nzima na pamba masikioni kama maiti."

"Asubuhi moja tu?" akasema. "Mimi sijawahi kuitoa."

Sikukusudia kucheka. Nilicheka mpaka nikashika meza, na kwenye kompyuta mwenzangu naye kashika ya kwake. Msimamizi alikuwa anaandika haraka haraka, na mkwe amekaa wima katikati yetu, uso mkavu, anabeba maneno huku na huku kama hayamhusu.

Yule bibi akafuta miwani. "Huyu mkalimani ni binti yako?"

"Mke wa mwanangu."

"Ni mzuri. Hanipunguzii maneno. Wengine wakiona mimi ni mzee wananipa nusu, wanadhani nusu inanitosha. Wewe unamwonaje?"

Mkwe alinitafsiria hilo hivyo hivyo, kwa ile sauti kavu. Hakunitazama. Alitazama mbele akasubiri jibu, kama angesubiri la mtu yeyote. Kijana wa tai aliacha kuandika.

Nikasema, "Ni mkaidi. Amechukua stoo yangu. Pazia langu zuri amelitia dirishani. Chai yake haina sukari." Mikono ilisema yote, hata ya chai. "Na mwezi huu ukiisha, wakimwambia hafai, atakwenda mbali na mjukuu wangu. Mimi sitaki. Mjukuu sitaki aende, na yeye sitaki aende."

Mikono ikasimama. Ilisimama hewani, kama mtu aliyeingia chumbani akasahau alichofuata. Msimamizi akainua kichwa. Nikajua nimemwangusha. Miezi yote hii, taa, balbu, vidole kuvimba, na mimi kwa mdomo wangu nimekuja kummaliza siku ya mwisho.

Akashusha pumzi. Mikono ikaanza tena, polepole, ikafika mpaka mwisho. Kile kipande cha sitaki aende alikifanya mara mbili, kwa sababu nilikisema mara mbili.

Yule bibi alitutazama wote wawili. Kisha akasema: "Mbona unaniambia mimi? Mwambie yeye."

"Ameshasikia," nikamjibu. "Si ndiye anayetafsiri."

Msimamizi akashukuru, akasema tathmini imekwisha. Picha zikazimika. Mkwe akawa anapanga nyaya ambazo zilikuwa zimeshapangika.

"Mwanga ulikuwa mzuri, Mama."

"Wingu la mwisho nililichelewea."

Nikaenda jikoni.

Alhamisi, 22 Mei

Jua. Hakuna habari kutoka kwao. Mkwe ameweka vijiko viwili vya sukari kwenye kikombe changu. Nimekimaliza.

Jumatatu, 26 Mei

Jua. Hakuna habari. Nimemfokea mwuza maziwa, hakuwa na kosa.

Ijumaa, 30 Mei

Nilikuwa namenya viazi. Mkwe akaja akasimama mlangoni mwa jikoni, akasema wamemwajiri. Msimamizi ameandika kwamba walimjaribu kwa maneno magumu wakaona hapunguzi wala haongezi, hata yanapomgusa mwenyewe.

"Nimesikia," nikasema. "Sasa uwe unaamka mapema. Kazi ya kudumu haitaki mtu wa kujivuta."

Hakuondoka. "Yule bibi ameomba kupiga tena. Si mambo ya hospitali. Anakutaka wewe. Anasema kuna jambo alilisahau kukujibu."

"Mimi sina muda wa kukaa kwenye makompyuta."

"Amesema Jumatano."

"Jumatano saa ngapi?"

"Saa yoyote utakayo."

Nikamenya kiazi kizima kabla ya kuuliza. "Na nani atatutafsiria?"

"Mimi, Mama. Nipo."

Alipoondoka nilikwenda kabatini nikatafuta gauni la bluu, lile la rangi moja. Mengine yangu yote ni ya maua. Limekaa muda mrefu, lina harufu ya dawa ya nondo. Nimelifua na kulianika. Nikakae mbele ya mtu asiyeona mikono yangu inasema nini, kwa sababu ya maua?